Paje hadi Jambiani kwa miguu

Usianze kuuliza nauli, ulizia maji. Ile pwani ya kutoka Paje kwenda Jambiani, mashariki mwa Unguja, ni njia pale maji yanapokupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yakijaa yanafika hadi kwenye kuta za hoteli na huna pa kukanyaga. Kwa mwendo wa pole ni kama saa moja na nusu, na hakuna kiingilio. Kwa wiki ambayo boom halijaingia, hiyo si hoja ndogo.

Maji yakitoka, yanatoka kweli. Bahari inarudi kule mwambani, unabaki mchanga mweupe, madimbwi na mashamba. Ndiyo, mashamba: vigingi, kamba, na mwani umefungwa fungu kwa fungu. Kilimo hiki cha biashara kilianzia vijiji hivi hivi mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haivumilii maji ya moto, na kwenye kina kifupi imekuwa ikifa. Wengi wamebaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ya chini. Ukipita, zunguka kamba jamani. Hapo si pa kupigia selfi.

Ukikaribia Jambiani utaona marundo ya mawe. Chini yake kuna makumbi ya nazi, yamefukiwa kwa miezi ili yaoze, kisha yapigwe na kusokotwa kamba.

Mbele ya hoteli moja mlinzi alitusimamisha. "Mnaenda wapi?" Wageni wawili walitupita palepale, hawakuulizwa kitu. Mwenzangu akamjibu, "Jambiani. Kwani bahari ina geti?" Mama mmoja mwenye polo la mwani kichwani akacheka. "Piteni wanangu. Mimi nikiulizwa, husema natoka shamba."

Maji yakiwa yamekupwa, mlinzi huyo hana nguvu. Unasogea tu hatua kumi baharini. Shida ni yakijaa. Hapo mtu wa kijiji anategemea vichochoro vilivyobaki kati ya ukuta na ukuta, na kila kinapozibwa kimoja, polo lile linazungushwa mbali zaidi, likiwa bado linachuruzika maji ya chumvi shingoni. Tulipoachana naye alikuwa anakihesabia kichochoro chake: cha tatu, baada ya ukuta mpya.