Hodi Katika Simu



Ukiwa Murongo, wilayani Kyerwa, simu huweza kunasa mnara wa Uganda ilhali hujavuka Mto Kagera. Minara hutambua simu ilipo hata ramani ikiwa imezimwa. Setilaiti za GPS hazikujui. Simu hupokea mawimbi yake na kupiga hesabu, kisha programu ndizo huwapelekea wengine jibu.

Mzazi mmoja wa Kayanga aliniomba niweke kwa siri programu ya kumfuatilia binti yake. Nilimwelewa, maana binti hurudi jioni kutoka Nkwenda kwa bodaboda. Lakini Suratun Nur inafundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na Suratul Hujurat inakataza upelelezi. Nikamwambia, "Mzee wangu, mwulize kwanza mwenyewe." Akanuna. Baada ya wiki binti aliiwasha kwa hiari yake, kwa sharti la siku za safari tu. Mzee alikubali shingo upande.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inataka uelezwe taarifa zako zinakusanywa kwa ajili gani. Basi vijana, fungueni mipangilio ya simu mtazame mmeruhusu nani. Programu ya tochi inataka kujua nyumbani kwenu kwa kazi gani?