Tuzo na Ilimba

Sifa ni mali, na mali yo yote hutaka mizani. Mizani ya dhahabu yajulikana. Mizani ya wimbo ni ipi? Swali hili lilinijia usiku wa tarehe 3 Mei, 2014, nilipokuwa Dodoma nikitazama katika televisheni tuzo za muziki za Kilimanjaro zilizotolewa Mlimani City, Dar es Salaam. Diamond Platnumz alitwaa tuzo saba. Vijana niliokaa nao walishangilia, ila mmoja, mpenzi wa msanii mwingine, aliyenung'unika kuwa kura zina upendeleo. Mimi sikuwa na kinyongo. Kijana aliyetoka Tandale akapanda kwa jasho lake astahili pongezi. Lakini kura huhesabu vidole vilivyobonyeza simu. Hazihesabu mioyo iliyotulizwa.

Huzuni yangu ilikuwa juu ya jambo jingine. Katika uwanda huu wa Ugogo, wenye mvua haba na upepo mwingi, umo muziki ambao wataalamu wametoka nchi za mbali kuja kuusikiliza. Ilimba ni sanduku la mti lenye ndimi za chuma. Hutobolewa tundu, na tundu huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Wanawake hupiga ngoma za muheme wamezibana mapajani. Waimbaji hugawana sauti, na mmoja akinyamaza wimbo wapungua. Katika uimbaji wa namna hii ni vigumu kumtenga mtu mmoja na kumvika taji, kama ilivyo vigumu kuituza nguzo moja kwa kusimama kwa tembe.

Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doma, aliuchukua muziki huo mpaka Ulaya. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa santuri yake, Chibite, mwaka 1996. Naye alifariki mwaka 2003. Usiku ule nilimwuliza kijana wa Kigogo aliyekuwa karibu nami kama anamfahamu. Alinijibu kwa adabu, "Jina nalijua, mzee. Nyimbo zake alizijua babu."

Sikumlaumu. Mtoto hajifunzi asichofundishwa. Tuzo zile zilisimama baada ya mwaka 2015, na Baraza la Sanaa la Taifa likazirudisha mwaka 2022. Tuzo iliyolala yaweza kuamshwa kwa fedha na tangazo. Ilimba ikikosa mwanafunzi kwa kizazi kimoja, nani ataiamsha? Santuri huhifadhi sauti, lakini haimwonyeshi mtoto pa kuweka dole gumba.

Basi, washindi na wapate vikombe vyao, na mashabiki wabishane hadi alfajiri; hiyo ni haki yao. Lakini Dodoma ina shule nyingi, na tangu mwaka 2007 ina chuo kikuu. Wazee wanaojua kuchonga ilimba bado wapo. Waitwe darasani wangali na nguvu za kutembea.