Simama Polepole, Baba

Desemba iliyopita, saa tisa usiku, nilisikia mlango wa jikoni ukilia. Huwa unalia mara mbili: Baba akienda choo cha nje, kisha akirudi. Nikangoja mlio wa pili. Kimya.

Nilimkuta ameketi kwenye nyasi, tochi kando, baridi ya Elburgon ikimkata. "Rudi ulale, Mami," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Nimeteleza tu."

Hakuwa ameteleza. Asubuhi nilipochukua koti lake nilianike, nilipata mfukoni pakiti ya kapsuli: tamsulosini. Kumbe alienda kliniki peke yake, akapimwa, akaandikiwa dawa, akanyamaza. Hata Mama hakujua. Alikuwa akiimeza gizani kabla ya kulala, tumbo tupu, ndiyo asiulizwe. Hiyo ilikuwa siku ya tatu.

Nilimpigia rafiki yangu mfamasia, nikajifunza mambo ambayo hakuna aliyenifunza shuleni. Tezi dume huzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu. Mwanamume akizeeka, mara nyingi hukua na kuubana mrija huo. Si lazima iwe saratani, ingawa daktari hupima ahakikishe. Tamsulosini, mojawapo ya dawa zinazoitwa alfa-bloka, haipunguzi tezi. Inalegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu ili mkojo upite.

Shida ni kwamba misuli ya namna hiyo iko pia kwenye mishipa ya damu. Ikilegea, ukisimama ghafla presha hushuka, kichwa kinazunguka, unaanguka. Hatari ni kubwa zaidi siku za kwanza, au ukiacha dawa siku kadhaa kisha uanze tena bila kumuuliza daktari. Ndiyo maana humezwa baada ya mlo, saa ileile kila siku.

"Na anatumia nini kingine?" rafiki yangu akauliza. Nikarudi kwenye koti. Mfuko wa pili ulikuwa na dawa ya mafua. Huku kwetu mafua ni kama majirani, hayaishi. Lakini dawa za mafua zenye sudoefedrini hukaza ileile misuli ambayo tamsulosini inalegeza. Kuna wazee ambao mkojo huwagomea kabisa, na hiyo ni dharura ya hospitali. Akanionya pia kuhusu vidonge vya nguvu za kiume: navyo hushusha presha, kwa hivyo visichanganywe bila daktari kujua. Tena wapo wanaume ambao manii hupungua au hukosa kutoka, wanaogopa, wanaacha dawa kimya kimya.

Sasa, nani angemwambia Baba haya? Mama alisema, "Ni wewe ulisoma." Aki, nilitetemeka. Nilimkuta kwenye meko akiota moto, nikaongea nikiangalia kuni.

Alinyamaza muda mrefu. Baba alikata mbao miaka thelathini. Mwishowe akasema, "Gogo likibana msumeno, unapigilia kabari. Kabari haipunguzi gogo. Inakupa tu nafasi."

"Ndiyo hiyo dawa, Baba."

"Na kabari ukiipiga vibaya inakurukia usoni." Akacheka kidogo. Mimi sikucheka, nililia.

Januari nilimpeleka Nakuru kwa daktari wa macho, maana ana mtoto wa jicho. Hapo ndipo nilikuwa na wasiwasi zaidi. Alfa-bloka, hasa tamsulosini, huweza kufanya sehemu yenye rangi ya jicho ilegee wakati wa upasuaji. Daktari akijua mapema hujipanga. Asipojua, jicho linaweza kuumia. Hata aliyeacha dawa zamani anapaswa kusema.

"Mzee, kuna dawa zozote unatumia?"

Baba akaniangalia, akaangalia sakafu. Nilitaka kumjibia, nikajizuia.

"Ya mkojo," akasema, sauti ya chini. Kisha akatoa pakiti mfukoni, akaiweka mezani.

Daktari akaandika. Ilichukua nusu dakika.

Siku hizi niko Nairobi, na Mama hunipa ripoti. Baba humeza kapsuli baada ya chakula cha jioni, mbele ya kila mtu. Usiku huketi kwanza ukingoni mwa kitanda, anahesabu mpaka ishirini, ndipo asimame. Mlango unalia mara mbili.