Kahawa ya Butura na Alama za GRE

Wenzangu wa mwaka wa tatu mnaoota kwenda Marekani kusomea historia, fasihi au falsafa, kabla hamjalipia GRE sikieni yangu.

Kwetu ni Nyakakika, Karagwe. Nilipohitimu shahada ya historia, niliambiwa bila GRE nisahau. Ada ilikuwa dola 220. Baba hakuwa nazo, akauza kahawa kwa butura, yaani ikiwa bado maua shambani, kwa bei ya kutupa. Watu wa Kagera wanaelewa: msimu ukifika, unachuma kahawa ya mtu mwingine kwenye shamba lako mwenyewe.

Kwa uchungu wa kahawa ile nikapiga msuli miezi sita. Nilikariri maneno ya Kiingereza ambayo sijawahi kuyasikia tena, nikarudia na hesabu za sekondari. Sampuli ya maandishi niliipa wiki mbili tu: nilichukua kazi yangu ya mwaka wa tatu kuhusu Mfalme Rumanyika, nikabadilisha jalada. Mtihani ukanipa 158 kati ya 170 upande wa lugha. Nikaomba idara nne. Zote zikasema hapana.

Profesa mmoja alikuwa muungwana, akanijibu barua pepe. Alama zangu hakuzigusa kabisa. Aliuliza hivi: mbona mashahidi wako wote ni Speke na Grant, wageni waliofika kwa Rumanyika mwaka 1861? Wazee wa kwenu wanasemaje?

Jamani, niliona aibu. Israel Katoke alichapisha historia ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, nami sikuwahi kuifungua. Bibi yangu yupo hai, na sikuwahi kumuuliza.

Sisemi GRE ni bure. Idara ikiitaka na huna, fomu yako haisomwi. Lakini tangu korona ya 2020 idara nyingi za sanaa na jamii zimeiacha. Kati ya zile nne zangu, mbili zilikuwa zimeandika wazi kwamba haihitajiki. Mimi nililipa kwanza, nikasoma masharti baadaye! Hata pale inapotakiwa, mtihani wa saa mbili hauwezi kuonyesha kama unajua kuihoji nyaraka. Hilo linaonekana kwenye sampuli yako na barua za walimu wako. Ni kama GPA zetu hapa: 3.8 inakuingiza kwenye foleni ya ukufunzi msaidizi, ila haikufundishii darasa.

Likizo iliyopita nilikaa Nyakakika na daftari, nikimsikiliza bibi. Sampuli nimeiandika upya, na mwaka huu naomba tena, kwenye idara zisizodai GRE. Jioni moja baba aliniuliza, "Mwanangu, ule mtihani ulikuuliza nini kuhusu Karagwe?"

"Hakuna, baba."

Alinyamaza, akaendelea kuanika kahawa. Ilikuwa bado ya yule mnunuzi wa butura.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na ukurasa wa masharti wa idara unayoitaka. Kisha mpe mwalimu wako sampuli mapema, aichanechane. Dola 220 zitoe mwisho kabisa, tena ukilazimishwa.