Injini ya Chevrolet Iliyoruka

Mwaka 1978, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likiwa limeshavunjika mwaka uliotangulia, lori la chuma chakavu lililotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya lilikatika ekseli pale Makambako. Mwenye mzigo akauza alichoweza. Mwalimu wetu wa ufundi akanunua dude moja la mviringo, zaidi ya nusu tani, tukalivuta kwa trekta hadi Njombe.

Kila mtu alilipa jina: pampu ya maji, injini ya meli. Tulipolisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya kikajitokeza kibao kimeandikwa Chevrolet. Basi, watu wakasema, ni la lori.

Akaitwa mzee mmoja wa Kibena, fundi wa ndege aliyerudi kutoka Nairobi baada ya shirika kufa. Kibao hakukigusa kwanza. "Wanangu, hesabuni silinda." Saba mbele, saba nyuma, zimepishana ili za nyuma nazo zipate upepo, palipong'olewa silinda alihesabu tundu lake. Kila moja plagi mbili. "Zingekuwa tisa, safu moja, ningesema Wright Cyclone. Hii ni Twin Wasp ya Pratt & Whitney, ya ndege ya Dakota." Na Chevrolet je? Akatueleza kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya magari vya Marekani viliunda injini za ndege kwa leseni. Lita 30, nguvu ya farasi 1,200, na Dakota ilifungwa mbili.

Tuliichomelea stendi, ikasimama kama ilivyokaa kwenye bawa. Mzee hakutaka ipakwe rangi hata kidogo, na alikuwa na haki: rangi huficha namba na nyufa. Tulimwaga oili iliyotuama silinda za chini, tukaziba matundu ya plagi kwa vizibo vya mbao, tukakata ubavu wa silinda moja iliyopasuka ili pistoni ionekane ikipanda na kushuka.

Miaka ya 1980 bidhaa zikaadimika. Vichwa vya silinda vikaanza kuondoka usiku, kimoja kimoja, vikayeyushwa kuwa sufuria. Kibao nacho kikaenda. Bado inaniuma.

Ninyi wenye gereji na mizani ya chuma chakavu, kuanzia Makambako hadi Songea, kabla hamjapiga nyundo hesabuni silinda, sugueni kibao, pigeni picha ya namba kwa simu, kisha waiteni watu wa Makumbusho ya Taifa. Rolls-Royce ya magavana wa kikoloni wanayo pale Dar es Salaam, imetunzwa vizuri. Na injini wapelekeeni.