Povu la kupuliza na kelele za gari

Wale mliozoea kuja hapa kwa habari za PHP na Linux, mnivumilie. Leo ni gari. Lakini yeyote aliyewahi kukesha akitafuta mdudu kwenye programu ataelewa mara moja.

Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, lile ambalo Mkenya akiliona kwanza anawaza miraa. Injini haina neno. Shida ni kelele. Ninakaa Kitengela, na kutoka kwenye lami hadi nyumbani kuna kilomita mbili za changarawe na mashimo. Kwenye kipande hicho gari linalia kama debe la misumari: nyuma kunagongagonga, dashibodi inalia kriii, mlango wa kushoto nao una wimbo wake. Kila mwezi nampeleka mama kliniki Machakos, na alikuwa ameanza kuniuliza kwa upole kama si afadhali tupande matatu.

Fundi wangu yuko Grogan (Barabara ya Kirinyaga, kwa wasioijua Nairobi). Jibu alikuwa nalo tayari. "Boss, hiyo ni bodi tu. Leta mikebe mitatu ya povu, nitoboe hapa na hapa, nipulize mote. Halitalia tena." Povu lenyewe ni lile mafundi wa madirisha wanalozibia nafasi kati ya fremu na ukuta.

Wazo si la kijinga. Watengenezaji wa magari wenyewe huweka povu ndani ya nguzo za bodi. Vipande huingizwa vikiwa vidogo, kisha hufura gari linapopita kwenye tanuri la rangi na kuziba njia ya sauti. Tofauti ni kwamba wao wanajua kila kipande kinaishia wapi. Fundi mwenye mkebe na tundu la milimita nane hajui, na hawezi kujua.

Nikasoma kidogo kuhusu hilo povu kabla ya kutoa pesa. Ni poliyuritheni. Likitoka kwenye mkebe linatumia unyevu wa hewani, linafura, kisha linakuwa gumu. Kabla halijakauka unaweza kulifuta kwa asetoni. Likishakauka ni kisu tu. Hakuna kurudi nyuma, hakuna nakala ya jana ya kurejesha.

Sasa fikiria linapoingia. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji, kwa sababu mvua inayoteremka kwenye kioo hupita ndani ya mlango na kutokea pale. Ukiviziba, maji yanabaki. Povu likikatwa, vijumba vyake vya ndani hufunguka na kushikilia unyevu kwenye bati, na kutu inayoanzia ndani utaiona siku itakapotokeza nje, wakati umechelewa. Kwenye nguzo mnapita nyaya na mikanda ya usalama, na magari mengine yana mifuko ya hewa iliyokunjwa juu ya milango. Mimi sitaki kitu kigumu kinachojijaza popote kinapotaka karibu na mfuko unaotakiwa kufunguka kufumba na kufumbua. Halafu kuna gesi inayosukuma povu kutoka kwenye mkebe. Mara nyingi ni propeni na byuteni, jamaa wa gesi ya kupikia, na pale Grogan kuna mtu anachomelea chuma hatua tano kutoka ulipo. (Ukilitumia hata nyumbani, fungua madirisha na uvae glavu. Kemikali zake si rafiki wa mapafu.)

Lililonishangaza zaidi ni hili: povu hilo halishiki vizuri kwenye polipropilini, na plastiki nyingi za ndani ya gari ni polipropilini. Linakauka likiwa limegusa tu. Povu gumu likisuguana na plastiki ngumu hutoa mlio. Unalipia kelele mpya!

Kelele ya kugongagonga ni vitu viwili vigumu vinavyogusana. Basi vitafute. Jumamosi moja nilimkalisha binamu yangu kiti cha nyuma, nikatoa kila kitu ndani ya gari, tukawa tunaendesha kwenye ile changarawe polepole, tukirudisha nusu ya vitu kila mara. Mtaalamu wa kompyuta hakosi kujua mbinu hiyo. Jeki ilikuwa imelegea kwenye nafasi yake. Kibao cha nambari kilikuwa kinapiga bampa. Bati la kukinga joto la ekzosi lilikuwa limekatika upande mmoja, likafungwa kwa klempu ya mpira wa maji. Ndani ya mlango wa kushoto, fito ya loki ilikuwa inagonga bati, na kipande cha sponji kikaitosha. Gharama yote haikufikia bei ya mkebe mmoja wa povu.

Jumapili gari lilikuwa kimya. Hapo ndipo tulipoisikia: kok. Mbele, kushoto, kila gurudumu lilipotumbukia shimoni kwa mwendo mdogo. Bila shaka ilikuwepo siku zote, imefichwa ndani ya kwaya. Nimewahi kutunza seva iliyokuwa ikiandika maonyo maelfu kila siku. Hakuna aliyekuwa akiyasoma, na lile moja la maana lilipita humo humo.

Tukainua gari, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa, binamu akimulika kwa tochi. Boljointi ilikuwa inacheza. Kwa wasiojua, hiyo ndiyo inayoshikilia gurudumu chini huku likigeuka. Ikichomoka, gurudumu linalala upande na gari halikusikilizi tena. Kliniki ya mama tunafika kwa Barabara ya Mombasa, katikati ya malori.

Fundi alipoiona hakusema kitu kwa muda. Kisha: "Boss, hii si bodi." Akabadilisha zote mbili, kushoto na kulia, na bado ninaenda kwake. Ni fundi mzuri. Tatizo ni kwamba alisikia kelele moja mahali palipokuwa na tano.

Povu nililitumia mwishowe, mahali pamoja. Nyuma ya plastiki ya ubavuni, karibu na buti, kuna uwazi ambapo plastiki hupigapiga bati. Nililipuliza kidogo ndani ya karatasi ya mkate (mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku hapa mwaka 2017), nikiwa nimeinyunyizia maji ndani na kuacha mdomo wazi, maana bila unyevu povu halikauki. Kesho yake nilimenya karatasi, nikakata povu kwa kisu likaenea, nikalivika kitambaa cha fulana kuukuu na kulichomeka. Haligusi tundu la maji, na nikitaka kulitoa linatoka kwa mkono.

Imebaki ile kriii ya dashibodi. Inakuja mchana tu, gari likiwa limeshinda juani, kwa hiyo nashuku plastiki inayotanuka pale kwenye matundu ya hewa. Nitaifungua sikukuu ijayo.