Waja Leo, Waondoka Leo

Likizo ikikaribia tu, mashoga zangu huanza kuniuliza: "Hivi niende mji gani na mwenzangu?" Zamani nilikuwa najibu haraka haraka: Zanzibar! Vichochoro vya Mji Mkongwe, urojo wa Forodhani jioni, nani atakataa? Siku hizi nauliza kwanza: nyinyi wawili mnakosa nini?

Hilo nimejifunza ndani ya nyumba yangu. Tulikuwa tunatimiza miaka mitatu ya ndoa. Mimi nilishachagua hoteli Nungwi, hadi nguo za ufukweni nimenunua. Mume wangu, kila nikimgusia, visingizio. Mara kazi zimembana, mara boti inamchefua. Siku moja akasema, "Twende Tanga." Tanga! Nilinuna siku mbili. Nikajua penzi limechuja.

Ni kama kilomita 350 kutoka Dar, na mimi nilijifanya nimelala hadi Segera. Si mji wenyewe unaitwa Waja Leo Waondoka Leo? Nikasema moyoni, basi mimi nitaondoka leo leo.

Kumbe Tanga haina haraka na mtu. Mitaa imenyooka, baiskeli kibao, majengo ya enzi za Wajerumani yamejipumzikia chini ya miti. Reli ya kwanza Tanganyika ilianza kujengwa hapa mwaka 1893. Ukikaa bustani ya Jamhuri unaiona bandari na kisiwa cha Toten, na hakuna anayekusumbua.

Siku ya pili tulikwenda Mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji. Mle ndani ni giza totoro. Mwongozaji yuko mbele na tochi, popo juu, sehemu nyingine unapita umeinama. Bila kufikiri nikamshika mume wangu mkono. Ilikuwa miezi sijaushika.

Jioni tukawa Raskazone, tunakula samaki na mihogo. Akaweka chini kipande chake, akasema, "Mke wangu, mkataba wangu hawakuuongeza. Hii wiki ya tatu."

Wiki tatu! Kila asubuhi anavaa tai, anatoka. Ile Zanzibar yangu angeikopea.

Nililia, na sikuililia kazi. Mwenzangu alibeba mzigo peke yake huku mimi nanunia hoteli. Tulipotulia tukageuza tiketi ya basi, tukapiga hesabu kwa nyuma: kodi ya nyumba, mkopo, mshahara wangu. Hesabu ilikuwa mbaya, lakini usiku ule tulilala tumekumbatiana.

Kazi nyingine alipata baada ya miezi mitano. Tiketi ile ninayo mpaka leo.

Sasa basi, kabla hamjachagua mji:

Mkitaka shamrashamra na fukwe nyeupe, Zanzibar haina mpinzani. Mkitaka baridi na blanketi moja, pandeni Lushoto. Mkiwa hamjaongea siku nyingi, njooni Tanga.

Bajeti iwekeni mezani wote wawili, kila mtu aseme ukweli wa mfuko wake.

Epukeni masika, Machi hadi Mei, msije mkaangalia mvua dirishani.

Na mwenzako akitaja mji usioutegemea, usinune kama mimi. Muulize taratibu kwa nini.